Kutwa Mara Tatu

Foleni ya dirisha la dawa haina subira. Mama aliyeamka alfajiri, akapanga mstari wa kadi, akapanga wa daktari, akapanga wa maabara, anafika hapa miguu imemfa ganzi na mtoto mgongoni amechoka hata kulia. Kijana wa dirishani anapitisha bahasha tatu ndogo chini ya kioo. "Mama, hizi moja mara tatu. Hizi mbili mara mbili. Hizi ukisikia maumivu." Mama anaitikia, "Haya, asante mwanangu," anazitia mkobani, na aliye nyuma yake keshasogea.

Maswali yanamjia akiwa ndani ya daladala. Zipi zilikuwa mbili mara mbili? Kabla ya kula au baada? Na hizo za maumivu, kichwa kikigonga usiku mzima, ameze ngapi? Anafungua bahasha kutafuta jibu, anakuta mwandiko wa haraka: 1x3. Basi.

Matibabu mengi hayaharibiki kwa daktari wala kiwandani. Yanaharibikia hapo katikati, kati ya dirisha la dawa na kikombe cha maji ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata kwenye nchi tajiri, wagonjwa wanaotumia dawa za muda mrefu kama walivyoelekezwa ni nusu tu. Mwaka 2017 shirika hilo hilo lilikisia kuwa makosa yanayohusu dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Sehemu ya makosa hayo haitokani na uzembe. Inatokana na maelezo mafupi kuliko ugonjwa.

Aanze mtu na neno lenyewe. Bahasha zimezoea kuandika "kutwa mara tatu", na Kiswahili ni lugha inayojua kutenganisha: mchana ni kutwa, usiku ni kucha. Anayelichukua neno kama lilivyo atavigawa vidonge vyake kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua: kimoja na chai ya asubuhi, kimoja na ugali wa mchana, cha tatu jua likitua, kisha alale. Dawa nyingine zitamvumilia. Amoksilini ni ngumu zaidi kumvumilia, kwa sababu figo huitoa haraka; nusu yake huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi. Aliyemeza saa 12 jioni akangoja hadi saa 1 asubuhi amewaachia bakteria usiku mzima wa kujipanga upya.

Mara tatu, kwa dawa kama hiyo, maana yake ni kila baada ya saa nane. Hapo napo pana mtego, na huu ni wa Waswahili wenyewe: mwingine akisikia "kila saa nane" anafikiria saa nane ile ya mchana, wakati wa kurudi shule. Dawa ya mtego huo ni kuacha kuhesabu muda na kuandika nyakati zenyewe juu ya bahasha kwa kalamu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kwenye simu, kengele hizo ni 06:00, 14:00 na 22:00. Dawa ya mara nne inakwenda saa 12, saa 6, saa 12, saa 6. Na dawa ya mara mbili ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayesoma saa ya Kiswahili, maana ni saa ile ile asubuhi na usiku: saa 1 na saa 1, au saa 2 na saa 2.

Madaktari nao wana ufupisho wao kwenye cheti. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne, PRN inapohitajika. Nyingi kati ya hizo ni Kilatini kilichokatwakatwa. Kilatini hicho kinasema "siku", siku nzima pamoja na usiku wake. Bahasha ndiyo iliyoigeuza ikawa kutwa.

Alama ya x nayo si ya kupuuzwa. Namba ya kwanza ni vidonge vya kumeza kwa mkupuo mmoja, ya pili ni mara ngapi. Mwenye bahasha ya 4x2 akigeuza akameza viwili mara nne, hesabu ya darasani inampa nane zile zile, lakini mwili haufanyi hesabu ya darasani. Na mwenye 1x3 akiamua kumeza vitatu kwa pamoja ili "amalize kazi", amejizidishia dozi mara tatu kwa saa chache, halafu akajinyima siku iliyobaki.

Hiyo 4x2 si mfano wa kubuni. Ni dozi ya mtu mzima ya dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006 baada ya klorokwini kuachwa mwaka 2001 na SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa iliyoirithi, kuchoka nayo. Vidonge 24 kwa siku tatu. Watu wengi wamewahi kuvimeza, na hakuna dawa inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini maelekezo madogo yana uzito.

La kwanza ni saa. Dozi ya pili haingoji kesho wala jioni yoyote tu; inamezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Aliyepimwa na kumeza vinne vyake saa 4 asubuhi, anameza vinne vingine saa 12 jioni. Siku ya pili na ya tatu ndipo inakuwa asubuhi na jioni.

La pili ni mafuta. ALu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: artemeta, na lumefantrini. Lumefantrini haipendi maji. Huyeyuka kwenye mafuta. Katika majaribio ya watu wenye afya, waliokula chakula chenye mafuta mengi walifyonza lumefantrini mara 16 zaidi ya waliomeza tumbo tupu. Kidonge ni kile kile, mgonjwa ni yule yule, tofauti ni sahani. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya pilau, hilo linajulikana, lakini kikombe cha maziwa, andazi, uji wenye karanga, au wali wa nazi vijiko vichache vinatosha kuibeba dawa. Chai ya rangi peke yake haiibebi. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi ile. Akitapika tena, arudi kituoni, kwa kuwa huenda anahitaji sindano.

La tatu ndilo linalowashinda wengi: siku ya pili. Artemeta ina kasi. Inafyeka vimelea haraka, homa inashuka, mgonjwa anaamka anadai chakula. Lakini nayo huondoka mwilini haraka, na vimelea vichache vilivyobaki huachiwa lumefantrini, ambayo hukaa siku kadhaa. Anayeishia vidonge 16 na kuweka vinane kabatini kwa ajili ya homa ya mtoto wa jirani amemwita fundi, fundi kaezeka paa lote, naye kamfukuza kabla hajapigilia misumari. Wala hilo si jambo la mgonjwa mmoja. Vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini, jamii ya dawa ambamo artemeta imo, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera.

Hofu ya vijidudu kuzoea dawa ni ya zamani kuliko wasomaji wengi. Desemba 1945, Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini, alisimama Stockholm kutoa hotuba ya Tuzo ya Nobel na humo akasimulia kisa cha kubuni cha bwana mmoja aliyeumwa koo. Bwana huyo anajinunulia penisilini, anameza kidogo, kiasi kisichoua vijidudu lakini kinachotosha kuvifundisha. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, penisilini haimfai tena, anakufa. Fleming akauliza lawama ni ya nani, akamtwisha mume. Cha kuchekesha ni kwamba vijidudu vile vya koo alivyovitaja havijajifunza kuikinza penisilini hadi leo. Fleming alikosea mdudu, hakukosea hoja: bakteria wengine wamejifunza vizuri mno, na watafiti wanakadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Hapa pana haja ya kusema jambo ambalo mabango ya kliniki hayalisemi. Urefu wa dozi za antibiotiki unabishaniwa na wataalamu wenyewe, na kwa maambukizi kadhaa imeonekana siku 5 zinatosha pale palipozoeleka siku 7 au 10. Lakini huo ni uamuzi wa daktari anayejua ni ugonjwa gani anautibu, si wa mgonjwa anayepima kwa hamu ya kula. Na kwa kifua kikuu hakuna njia ya mkato ya kujitungia: matibabu ya kawaida ni miezi sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, na kikohozi hukoma mapema zaidi ya bakteria.

Kifua kikuu kinaleta somo lingine. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa ya rangi ya chungwa. Aliyeambiwa mapema anacheka. Asiyeambiwa anaona damu, anaogopa, anaacha dawa. Vivyo hivyo vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hufanya choo kiwe cheusi, na hakuna ubaya wowote. Lakini rifampisini ina jambo lisiloonekana kwa macho: inapunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Mwanamke anayetumia njia hizo aseme dirishani siku ile ile anapoanza dozi, asingoje mwezi upite.

Basi na tumbo. "Baada ya kula" imewaponza wengi kwa namna ya ajabu: mtu hana chakula cha mchana, kwa hiyo haimezi dawa ya mchana. Kwa dawa nyingi maneno hayo yana lengo la kulinda utando wa tumbo tu, na ndizi moja inatosha. Ibuprofeni na diklofenaki ni za namna hiyo. Zikizoeleka tumbo tupu huchimba vidonda. (Na zisimezwe kabisa wakati wa homa ya dengue, kama ile iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu, parasetamoli ndiyo inayofaa.) Omeprazoli ni kinyume chake, imezwe nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Rifampisini nayo hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Dawa za kisukari za jamii ya glibenklamidi ziko peke yao: kama chakula hakipo, kidonge nacho kingoje, maana kitaishusha sukari hadi mtu aanguke.

Kinachoshushia kidonge pia kina neno lake. Maji, na maji ya kutosha, hayajawahi kumkosea mtu. Chai ndiyo yenye kesi. Majani ya chai yana tanini, na tanini hushikana na madini ya chuma tumboni, hivyo mjamzito anayemeza vidonge vyake vya damu na chai ya saa nne anavipitisha tu. Aachanishe saa mbili. Akipata juisi ya chungwa, avimeze nayo. Maziwa yanayosaidia dawa mseto ndiyo yale yale yanayoizuia siprofloksasini. Doksisaiklini inataka glasi nzima na mgongo ulionyooka: akimeza kwa mate na kujilaza, kidonge kinaweza kukwama kooni na kuliunguza. Balungi huzidisha nguvu za baadhi ya dawa za presha na za lehemu. Pombe, karatasi ya metronidazoli inaikataza wakati wote wa dozi na siku mbili tatu baada yake. Kuhusu mlonge, muarubaini na mitishamba mingine, daktari hana sababu ya kumgombeza mgonjwa, lakini ana sababu ya kujua, kwa kuwa mitishamba inayoshusha sukari ikijumlishwa na vidonge vinavyoshusha sukari, sukari hushuka mara mbili.

Presha inastahili aya zake. Hakuna dawa zinazoachwa kwa nia njema kama hizi. Mzee anapima, anaambiwa presha imekaa sawa, anarudi nyumbani na habari njema: kapona. Wiki tatu baadaye mkono mmoja hauinuki.

Mvuvi yeyote wa pwani angemwelewesha haraka. Dau linalovuja likiwa na maji kidogo chini, si kwamba tundu limeziba. Ni kwamba kuna mtu anakumba maji. Akiweka kata chini na kusema chombo kimekauka, kitajaa. Vidonge vya presha ni hiyo kata. Kwa walio wengi haviponyi, vinakumba. Ile kauli ya mitaani kwamba "ukizianza huachi" ina ukweli, ila imegeuzwa kichwa chini: si dawa inayomfunga mtu, ni ugonjwa ambao ulikuwepo kabla ya dawa.

Wengine huacha kwa sababu ya maudhi, na wana haki ya kulalamika. Enalaprili na kaptoprili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia asali wala tangawizi. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu. Dawa za kukojoza, zikimezwa usiku, humfanya mtu ahesabu safari za chooni mpaka adhana ya alfajiri, zimezwe asubuhi. Kila moja ya maudhi hayo lina suluhisho kwa daktari, mara nyingi ni kubadilishiwa kidonge kimoja kwa kingine. Kuacha kimya kimya si suluhisho, na kwa dawa kama atenololi kuacha ghafla kunaweza kuushtua moyo.

Mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani asisubiri mwezi uandame. Wataalamu wanashauri amwone daktari wiki sita hadi nane kabla, ili dawa zihamishiwe futari na daku na dozi zipunguzwe panapohitajika. Wapo watakaoambiwa wasifunge, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Anayefunga aendelee kupima, kwani kujidunga ncha ya kidole si kula. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita afungue hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa kuadhini.

Insulini inachukia joto, na inachukia barafu zaidi. Ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, kwa hiyo isigusane na sehemu ya barafu ya friji. Pasipo na friji, chombo cha bibi bado kinafanya kazi: chupa inafungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na kuwekwa kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi ndani ya chungu kikubwa zaidi, kivulini, penye upepo. Maji yanavyokauka kupitia udongo yanaondoka na joto. Ni ufundi ule ule wa mtungi wa maji ya kunywa.

Watoto wana hatari ya namna yao, nayo inaitwa kijiko. Dawa ya maji huandikwa kwa mililita 5, na vijiko vya chai vya nyumbani havilingani hata ndani ya droo moja. Kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au bomba la sindano lisilo na sindano, ndicho kipimo. Antibiotiki ya unga inachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye mstari wa chupa, si juu yake wala chini yake, na hutikiswa kila mara kabla ya kupimwa. Isipotikiswa, mtoto anakunywa maji ya utamu siku ya kwanza na dawa kali siku ya mwisho. Nje ya friji hukaa siku 7, kisha humwagwa, hata ikibaki nusu. Mtoto wa kuharisha hupewa zinki pamoja na maji ya chumvichumvi, na mama wengi huacha zinki choo kikikaza siku ya tatu. Zinki ni ya siku 10 hadi 14, kwa sababu kazi yake nyingine ni kumkinga na kuharisha kwa miezi miwili mitatu ijayo. Na mtoto asidanganywe kwamba dawa ni peremende. Ataamini, na siku moja atazitafuta mwenyewe.

Kisha kuna dawa moja yenye majina mawili. Parasetamoli ni Panadol. Kwa jamaa walioko Marekani ni Tylenol. Amlodipini ni amlodipini, na ni Norvasc pia. Aliyepewa moja hospitalini na nyingine dukani anaweza kuzimeza zote akidhani ni dawa mbili. Jina la kusoma ni lile lililoandikwa kwa herufi ndogo, chini ya jina la kiwanda. Kwa parasetamoli kosa hili ni la hatari, maana imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite saa nne kwa uchache, sita ni bora. Hilo ndilo jibu la "ukisikia maumivu". Ini likiumizwa na parasetamoli halipigi kelele siku ya kwanza. Likianza kupiga, mara nyingi muda wa kuliokoa umekwenda.

Wala si kila kidonge ni cha kumezwa. Vipo vya kuwekwa ukeni na vya kuwekwa njia ya haja kubwa, na wahudumu wa dawa wanajua ni wangapi huvimeza kwa kuwa mtoa dawa aliona haya kutamka. Vingine vinamezwa lakini havisagwi: kidonge kilichotengenezwa kuachia dawa polepole, kama nifedipini ya masaa mengi, kikipondwa kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kumeza kinaachia dozi ya siku nzima kwa mara moja. Mgonjwa wa pumu anayepuliza dawa mdomoni akiwa ameziba pumzi anatibu ulimi wake; atikise kopo, atoe pumzi yote, abonyeze huku akivuta taratibu, kisha ashikilie akihesabu hadi kumi. Kwa mtoto, watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa chini na kubanwa kwenye kopo, inafanya kazi ya kile kifaa cha dukani cha bei kubwa.

Kusahau ni kwa wote. Aliyesahau dozi ameze anapokumbuka, ila kama saa ya dozi ifuatayo imekaribia aiache iliyopita na kuendelea na ratiba. Asimeze mbili kufidia. Anayesahau kila mara afunge dawa na jambo asilolisahau: mswaki, taarifa ya habari ya saa 2 usiku, kufunga mlango. Mahali pa kuweka si juu ya televisheni wala dirishani wala ndani ya gari. Boksi nyingi zimeandikwa chini ya nyuzi 30, na chumba chenye bati bila dari kinapita hapo kabla ya adhuhuri. Ndani ya kabati, juu, mbali na watoto, na ndani ya boksi lake ili tarehe ya mwisho isomeke. Dawa za mnadani na za kwenye mabasi ziachwe huko huko. WHO ilikadiria mwaka 2017 kuwa moja kati ya kila bidhaa kumi za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia.

Yote haya hayawezi kukaa kwenye bahasha ya ukubwa wa kiganja. Yanaweza kukaa kwenye maswali machache: hii ni ya nini, saa ngapi, na chakula gani, kwa siku ngapi, na nikiona nini nirudi. Kuna pia mbinu moja inayowazidi nguvu maswali yote, nayo ni mgonjwa kurudia alichoelewa kwa maneno yake: "Kwa hiyo, mwanangu, hii nimeze saa 12, saa 8 na saa 4 usiku, hata kama sijala?" Makosa hujitokeza hapo hapo. Anayetumia dawa zaidi ya tatu azikusanye zote mara moja kwa mwaka, za hospitali, za dukani na za mitishamba, azitie kwenye mfuko mmoja na kuzipeleka kwa mfamasia azipitie. Asiye na hospitali karibu aende Duka la Dawa Muhimu. Mpango huo ulipoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, watoa dawa walifundishwa kutoa maelezo, si kuuza tu.

Kesho asubuhi foleni itakuwa ndefu vile vile. Yule mama akifika dirishani na kuanza kuuliza, walio nyuma yake wasigune. Wamwache aulize mpaka aelewe, na zamu yao ikifika nao waulize.